Kutoa Trojan kwenye kompyuta ya nyumbani: anza na simu, antivirusi baadaye

Mtu akigundua kompyuta yake ina Trojan, yaani programu hatari inayojifanya kitu kingine, cha kwanza anachotafuta ni antivirusi. Mimi mteja akifika naanza kumuuliza simu yake iko wapi. Trojan nyingi za miaka hii hazina haja ya kuharibu kompyuta yako. Zinabeba paswedi ulizohifadhi kwenye brauza, zinamtumia mwizi, na kazi hiyo huisha ndani ya dakika chache. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba katika miezi miwili tu, kuanzia tarehe 16 Machi hadi 16 Mei, ilibaini kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zenye programu moja ya aina hiyo inayoitwa Lumma. Ukisafisha mashine ukaacha paswedi zilezile, umebadilisha kitasa huku ufunguo wa mlango wa nyuma anao mwizi.

Huku kwetu Kigoma jambo hili ni zito zaidi kwa sababu laptop moja inatumiwa na nyumba nzima. Mwalimu anajazia matokeo humo, mama anaandika hesabu za duka, watoto wanaangalia muvi walizowekewa kwenye flashi pale Mwanga au Ujiji. Akaunti za watu wanne au watano zimo ndani ya mashine moja.

Kwanza hakikisha ni Trojan

Kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi. Hata diski ya zamani au RAM ya GB 2 inatosha kuifanya iwe nzito. Dalili ninazoziamini ni hizi: ulinzi wa Windows umezimika na ukiuwasha unazimika tena; bando linaisha wakati hakuna anayetumia intaneti; brauza inafungua kurasa ambazo hukuziomba; barua pepe inakwambia kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka nchi ambayo hujawahi kufika. Nyingine ni pale Windows Security inapoandika kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, na kompyuta ni ya kwako binafsi. Hapo kuna kitu kimeigusa.

Jiulize pia ni nini kilifunguliwa siku za karibuni. Trojan haiingii yenyewe, kuna mtu aliibonyeza akidhani ni kitu kingine. Kwa ninayoyaona, kinachoongoza ni programu za kuamsha Windows au Office bila leseni, halafu gemu za bure, halafu faili zinazotumwa zikijifanya risiti au nafasi za kazi.

Hatua ya 1: kata intaneti

Zima Wi-Fi, zima hotspot ya simu, chomoa kebo kama ipo. Usiingie kwenye akaunti yoyote kupitia kompyuta hiyo, hata kwa kuangalia tu. Chomoa flashi zote, uziweke pembeni. Tutazirudia.

Hatua ya 2: shika simu, badilisha paswedi

Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo. Kisha benki, kisha mitandao ya kijamii, kisha mifumo ya kazini. Kila akaunti iwe na paswedi yake.

Kubadilisha paswedi hakutoshi. Trojan hizi huiba pia vile vidakuzi vinavyoifanya brauza ikukumbuke, na mwenye vidakuzi anaweza kuingia bila kuulizwa paswedi. Kwa hiyo nenda kwenye sehemu ya usalama ya akaunti, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, viondoe vyote. Ukimaliza washa uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye barua pepe angalia na mambo mawili ambayo watu huyasahau: namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yako kweli, na hakuna kanuni iliyowekwa ya kupeleka nakala za barua zako kwenye anwani usiyoijua.

Kama ulihifadhi taarifa za kadi ya benki kwenye brauza hiyo, pigia benki yako leo.

Hatua ya 3: okoa nyaraka, acha programu

Chukua flashi tupu, nakili picha na nyaraka tu. Kabla ya kunakili, fungua folda yoyote, ingia kwenye "View", uwashe "File name extensions". Hapo ndipo utaona mambo. Faili uliyokuwa ukiiona kama "Barua ya kazi.pdf", yenye ile alama nyekundu ya PDF, inajitokeza kwa jina lake kamili: "Barua ya kazi.pdf.exe". Hiyo si barua, ni programu, na alama ya PDF imebandikwa ili uibonyeze. Faili zinazoishia na .exe, .scr, .bat, .vbs, .js au .lnk usizinakili hata moja. Za Word na Excel zinazoishia na .docm au .xlsm ziache pia, labda kama umezitengeneza mwenyewe.

Hatua ya 4: skani

Fungua Windows Security, nenda "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", ushuke hadi "Exclusions". Nawasihi msiiruke sehemu hii. Trojan nyingi zikishaingia hujiandika hapo ili Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, isiziguse. Nimekuta mashine ambayo C:\ yote imewekwa kwenye orodha hiyo: mwenyewe anaskani kila wiki, kila wiki anaambiwa kompyuta ni safi, kwa sababu hakuna kinachoskaniwa. Futa kila kitu ambacho hukukiweka wewe. Hakikisha na "Tamper Protection", inayozuia programu nyingine kuchezea ulinzi huo, imewashwa.

Sasa rudisha intaneti kwa muda mfupi, usasishe Defender tu, ukate tena. Kama huna raha na hilo, pakua faili la masasisho kwenye kompyuta nyingine safi kutoka tovuti ya Microsoft. Lina zaidi ya MB 100, kwa hiyo pima bando lako. Lipeleke kwa flashi.

Baada ya hapo ingia "Scan options", chagua Microsoft Defender Antivirus, ile yenye neno "offline". Kompyuta itajizima na kuwaka, itaskani kabla Windows haijaamka. Hiyo ndiyo faida yake: Trojan inayojificha Windows ikiwa inafanya kazi haipati nafasi ya kujitetea. Huchukua kama dakika 15. Betri ya laptop ikiwa imekufa, usianze saa ambazo umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika. Mashine ikizimika katikati unarudi mwanzo.

Ikiwaka tena, endesha "Full scan". Hii ni ya saa nyingi, iache usiku kucha.

Kisha tafuta jicho la pili. Microsoft Safety Scanner ni ya bure, na nakala yake hufanya kazi siku 10 tu tangu uipakue, kwa hiyo usitumie ile rafiki yako aliyoitunza tangu mwaka jana. Malwarebytes ya bure nayo ni nzuri. Usiache antivirusi mbili zikilinda kwa wakati mmoja, zitagombana.

Hatua ya 5: fuata mizizi

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya programu zinazoanza na Windows. Usihukumu kwa jina, hukumu kwa mahali faili lilipo. Svchost.exe, kwa mfano, ni faili halali la Windows na makazi yake ni C:\Windows\System32. Nikiikuta svchost.exe imekaa ndani ya AppData\Roaming, sihitaji ushahidi mwingine. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Open file location", ujionee.

Pitia na Task Scheduler, sehemu ambayo Windows hupangiwa kazi za kujifanya zenyewe kwa saa fulani. Trojan ikishafutwa na ikarudi kila asubuhi, mara nyingi kuna kazi iliyopangwa humo inayoiita. Kwenye brauza ondoa viendelezi usivyovijua, na ufute paswedi zote zilizohifadhiwa. Kwenye mipangilio ya mtandao hakikisha proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha intaneti yako, imezimwa.

Wakati wa kupiga Windows upya

Ikirudi baada ya yote hayo, au Defender ikikataa kabisa kuwaka, acha kupoteza muda. Piga Windows upya. Na kama kompyuta hiyo ndiyo unayofanyia miamala ya benki, mimi nitakushauri uipige upya hata kama skani zote zimesema ni safi.

Tengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta nyingine safi, kwa zana ya Microsoft yenyewe. Flashi iwe na GB 8 au zaidi. Wakati wa kusakinisha futa patisheni (vile vipande vya diski) zote za diski ya Windows, usisakinishe juu ya ile ya zamani. Vitu vyako viwe vimeshahamishwa, kwa sababu hapo hakuna kurudi nyuma.

Ukimpelekea fundi, muulize maswali mawili kabla hujamwachia mashine: Windows hiyo ameitoa wapi, na ataiamsha kwa kutumia nini. Akikwambia ana programu ya kuiamsha bure, lakini sharti azime antivirusi kwanza, chukua kompyuta yako uondoke. Mlango ulioingiza Trojan ya kwanza ndio huohuo. Laptop nyingi zilizouzwa na Windows halali zina leseni yake ndani ya bodi, ukipiga toleo lilelile inajiamsha yenyewe ikiona intaneti. Ndugu yangu fundi unayesoma hapa, mwambie mteja ukweli huo hata kama unakupunguzia hela.

Ukipata nafasi ya kuchagua, weka Windows 11 kama mashine inaibeba. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Flashi na watoto

Zile flashi ulizoziweka pembeni sasa zichomeke moja moja kwenye mashine safi, uskani kila moja kabla ya kuifungua. Isiyo na kitu cha maana ifomati. Watengenezee watoto akaunti yao ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi, na paswedi ya msimamizi ibaki kwako. Gemu ikitaka kujisakinisha, mara nyingi kompyuta itaomba paswedi hiyo, na itabidi waje kukuita.