Kitoto cha mbwa kimekufa na pavo, fanya haya haraka kuwaokoa waliobaki

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi na mama mmoja wa Goba, kitoto chake cha mbwa cha miezi miwili na nusu kimekufa usiku, kimetapika siku mbili mfululizo halafu kikaanza kuhara damu, ile yenye harufu nzito ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Alikuwa analia kwenye simu. Nilivyofika nikakuta kijana wa kazi ameshakizika nyuma ya banda, shimo lenyewe la jembe mbili tatu tu, halafu kaingia kwa wale mbwa wakubwa wawili na malapa yale yale aliyozikia, na bakuli la yule mdogo limesuuzwa kwenye beseni wanalonywea wenzake. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, hawakuwa wameambiwa. Ndo maana naandika hii, maana hapa Dar watu wengi wanahangaika na yule anayeumwa, akishakufa wanaona mambo yameisha, kumbe kwa waliobaki ndo kwanza yanaanza.

Pavo ni kirusi kilichoenea duniani kuanzia 1978, na ubaya wake mkubwa ni kwamba hakina ule utando wa mafuta ambao sabuni na spiriti huwa zinauvunja. Kwa hiyo Dettol haikiui, sanitaiza haikiui, mafuta ya taa na chumvi ndo kabisa usijisumbue. Kinatoka kwa wingi kwenye kinyesi, na mbwa anaanza kukimwaga hata kabla hujaona dalili yoyote, na akipona anaendelea kukimwaga kama wiki mbili hivi. Yaani siku unagundua mtoto anaumwa, wenzake wameshakutana nacho tayari. Usipoteze muda kujiuliza kama wameguswa, chukulia wameguswa, anza kazi.

Kuanzia siku ile ya mwisho walipokutana na mgonjwa hesabu siku 14. Dalili mara nyingi zinakuja kati ya siku ya 3 na ya 7 ila zinaweza kuchelewa mpaka wiki mbili, kwa hiyo siku zote hizo mbwa asitoke getini, asipelekwe kwa jirani kupandishwa, na wageni wenye mbwa wasije. Kila asubuhi angalia vitu viwili tu, kala au kagoma, na kinyesi kikoje. Akigoma kula na kapoa, usisubiri damu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kinachomuua ni kuishiwa maji na bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu, na dripu ikiwahi wengi wanapona, wasiotibiwa wengi wanakufa. Na tafadhali sana usimpe panado, kwa mbwa ni sumu.

Sasa kusafisha, hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapokosea. Dawa ya kawaida inayokiua pavo nyumbani ni ile ya kung'arisha nguo nyeupe, Jik na zinazofanana nayo. Ila soma lebo kwanza, kama nguvu yake ni asilimia 5 au 6 unaweka kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, kama ni asilimia 3.5 weka kimoja kwa 20, yaani robo lita kwenye maji ya lita 5. Changanya ya siku hiyo hiyo, iliyolala inapungua nguvu. Halafu hili ndo lenyewe: dawa hii ikikutana na uchafu inaisha nguvu, kwa hiyo kumwaga Jik juu ya kinyesi ni kupoteza hela. Unaanza kuzoa kinyesi na matapishi, unasugua sakafu kwa sabuni na brashi, unasuuza mpaka maji yatoke meupe, mkojo wote uondoke (mkojo ukichanganyika na dawa hiyo unatoa hewa mbaya ya kukaba, na usiichanganye na dawa ya choo pia), ndipo unamwaga dawa na kuiacha sakafu imelowa dakika 10 nzima kwa saa. Dakika 10 ni ndefu sana ukiwa umesimama na ndoo, nimeona watu wengi wanasuuza baada ya dakika mbili. Ukimaliza suuza, acha ikauke ndo urudishe mbwa.

Bakuli za bati na za plastiki ngumu zisizo na mikwaruzo zinaokoka kwa njia hiyo hiyo. Godoro, gunia, kamba, mbao zilizoliwa meno, choma. Najua inauma kuchoma kibanda cha mbao ulichopigisha kwa fundi, ila mbao inanyonya na huwezi kuisafisha mpaka ndani.

Udongo ni habari nyingine kabisa. Udongo huwezi kuutibu kwa Jik. Unachoweza ni kuzoa kinyesi chote, kufyeka majani mpaka jua lipige chini, na kama ni eneo dogo kukwangua udongo wa juu ukazikwa mbali. Mahali panapopigwa jua hesabu miezi 5, penye kivuli miezi 7, na pale chini ya mwembe kwenye unyevunyevu kinaweza kukaa hata mwaka. Kipindi cha masika ndo hatari zaidi kwa uwanja zetu hizi zilizobanana, maji ya mvua yanatoka kwako yanaingia kwa jirani na kinyesi ndani yake, kwa hiyo mwambie jirani mwenye mbwa, usione aibu, ni afadhali akasirike kidogo kuliko naye azike.

Kuzika nako. Weka kwenye mifuko miwili ya plastiki uifunge vizuri, shimo lifike mita moja kama ardhi inaruhusu, mbali na kisima. Sehemu za Kigamboni ambako ukichimba kidogo tu maji yanatokea, ni bora uulize daktari wako kuhusu kuchoma. Usitupe jalalani wala mtaroni, mbwa koko watafukua na utakuwa umeutuma ugonjwa mtaa mzima. Kule Goba tulivaa glavu tukafukua tukazika upya.

Viatu sasa. Mgonjwa akiwepo, au banda lake likiwa bado halijasafishwa, anayehudumia ahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, na kwa mgonjwa kuwe na gambuti zake au malapa yake yanayobaki mlangoni pale pale. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji mengi, sabuni haikiui ila inakiondoa mkononi kikaenda na maji. Binadamu haumwi pavo ya mbwa, tunachofanya sisi ni kuibeba tu. Na mimi hapa naongea kwa uchungu, maana miaka ya nyuma nilitoka kwa mgonjwa Kimara nikapitiliza Tabata kwenye nyumba yenye watoto wanne bila kubadilisha buti, wawili wakaumwa ndani ya wiki. Siwezi kusema kwa uhakika ni mimi. Ila tangu siku hiyo ndoo na brashi zinakaa kwenye gari.

Tuje kwenye chanjo. Yule mama aliniletea kadi ya mbwa wake wakubwa akiwa na uhakika kabisa kuwa wamechanjwa, nikafungua, chanjo ya kichaa cha mbwa tu, ile ya kampeni ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni nzuri na ni lazima, ila haizuii pavo hata kidogo. Ya pavo iko kwenye chanjo ya mseto pamoja na ya distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa), unaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, unarudia kila wiki 2 mpaka 4, na ya mwisho isitolewe kabla ya wiki ya 16. Sababu ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama inaiua chanjo, na hujui inaisha lini, kwa huyu wiki ya 8, kwa yule ya 14, kwa hiyo mtoto wa chanjo moja au mbili bado hajakingwa hata kama muuzaji anakwambia "huyu kamaliza". Akifikisha mwaka anarudia, baada ya hapo kila miaka 3. Rottweiler, Doberman na German Shepherd wanaumwa vibaya zaidi, na ndo hao tunaowapenda kwa ulinzi.

Waliobaki wazima na hawajachanjwa, mwite daktari awachanje mara moja, usingoje siku 14 ziishe. Jike mwenye mimba mtaje mapema kwa sababu chanjo hii ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa, kinaweza kuwadhuru watoto walio tumboni. Na angalia inavyokuja: inatakiwa kukaa nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo ije kwenye kibebeo chenye barafu, kichupa kina unga mweupe umeganda chini, kinachanganywa na maji yake mbele yako, stika inabandikwa kwenye kadi. Ikija mfukoni kwa boda saa saba mchana na joto hili la Dar, ikatae.

Leo ni siku ya 14 kule Goba, wale wakubwa wanakula vizuri. Mama ameniuliza kama anaweza kuchukua kitoto kingine, kuna mtu Mbezi anauza wa wiki 7. Nimemwambia huyo hapana, uwanja wake bado. Atafute aliyemaliza chanjo zote mpaka wiki ya 16, kadi ina stika, na pale nyuma ya banda tumezungushia bati mpaka mwakani.