Mtoto amekula mapera, choo kimegoma: naandika mara moja tu

Kila msimu wa mapera, kuanzia Kakamega na Vihiga hadi huku Kisumu, wauguzi tunapigiwa simu ile ile. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

1. Uliza amekula nini. Kama ni mapera na mbegu zake, endelea.

2. Shika tumbo. Limevimba na kukaza, au anatapika kijani, au ana homa: acha kusoma, nenda hospitali.

3. Majimaji yasikudanganye. Hapa ndipo wengi huharibu. Mbegu za pera hazisagiki. Zinashuka nzima na kujazana karibu kabisa na njia ya haja kubwa, zikashikana kama zege. Choo chepesi cha juu kinapenya pembeni na kuchafua chupi. Mzazi anasema mtoto anaendesha, anakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo. Utumbo unalegea zaidi, mzigo unabaki pale pale! Mtoto anayejikamua, analia akikaa, na ana mbegu mojamoja kwenye nguo, huyo amefunga choo. Haendeshi.

4. Usichokonoe kwa kijiti. Usiingize sabuni, inaunguza ndani. Usimpe dawa kali ya kumharisha.

5. Hospitalini watapima kwa kidole chenye glavu na kuzitoa, mara nyingine kwa enima (maji yanayoingizwa njia ya haja kubwa kulainisha choo). Akiumia sana hupewa dawa ya usingizi kwanza.

MASWALI

– Kipande kidogo tu cha sabuni je?
– Namba 4.

– Hospitali kwa kila kitu! Nyanya zetu walitutibu nyumbani.
– Nyanya yako sijamtaja, kaka. Nimetaja kijiti.

– Mbona mbegu zikwame chini kabisa, si juu?
– Swali zuri, dada. Ni ndogo, kwa hiyo tumboni zinapita bila shida. Zikifika utumbo mpana, maji yananyonywa, zinabaki kavu na kushikana. Mbegu za alizeti zikiliwa na maganda hufanya hivyo hivyo. Mapera mawili na maji ya kutosha hayana neno. Tatizo ni mtoto aliyeshinda juu ya mti.

– Wangu amemeza shilingi kumi, nimempa ugali uisukume.
– Ugali hausukumi. Akapigwe eksirei; ikiwa imeshafika tumboni, kwa kawaida itatoka yenyewe. Ila betri ya duara, ya saa au rimoti, usingoje: ikikwama kooni inaunguza ndani ya saa mbili.

– Mimi mapera nayachemsha, nachuja, wanakunywa juisi. Mbegu nawatupia kuku.
– Sukari unatia kiasi gani?