Somo: Kubebesha mshokishoki, na sababu ya mti wako kuchanua bila kuzaa

Kila msimu wa mashokishoki (rambutan) unapokaribia naletewa swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale: mti ulipandwa kwa mbegu, umekua vizuri, una miaka saba au minane, unachanua hadi nyuki wanavuma juu yake mchana kutwa, lakini haujawahi kutoa hata tunda moja. Nimelijibu dukani, nimelijibu msikitini baada ya sala, na nimelijibu kwenye arusi nikiwa na sahani ya biriani mkononi. Naliandika jibu lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwonyesha somo hili.

Sababu yenyewe si ngumu. Mshokishoki una miti dume, na una miti ambayo maua yake yana jinsia mbili lakini mengi yao hufanya kazi ya jike. Ukipanda mbegu, karibu nusu ya miche yako itakuwa dume, na hakuna mtu awezaye kuitambua kwa jani, kwa gome wala kwa umbo kabla haijachanua. Mti dume hauna maradhi. Hautaki mbolea zaidi, hautaki chumvi shinani, na wala hautaki kupigiwa msumari. Anayetaka matunda kwa uhakika hana budi kubebesha, yaani kuchukua jicho (kichipukizi kichanga kilicho kwenye tawi) la mti unaojulikana kwamba unazaa na kuliunga kwenye mche uliotokana na mbegu.

Hatua ya kwanza: mche mbebaji, yaani ule utakaoungwa jicho. Kula shokishoki, osha kokwa, na uipande siku hiyo hiyo ikiwa imelala, kwenye kiriba chenye udongo mweusi na samadi iliyooza.

Hatua ya pili: uweke mche kivulini, umwagilie, na usubiri kiasi cha mwaka mmoja hadi shina lifikie unene wa penseli au kuzidi kidogo.

Hatua ya tatu: kutafuta mti mama. Wengi huanzia kwenye kitalu, ilhali mimi naanzia kwenye kapu. Wakati wa msimu nunua mashokishoki machache kwa wauzaji mbalimbali, uyaonje, na utafute lile ambalo nyama yake ni nene, ina utamu wenye ukali kidogo, na inabanduka kwenye kokwa bila kubeba ganda gumu la kokwa lenyewe. Ukilipata, muulize muuzaji limetoka shamba gani. Wauzaji wa matunda hapa Unguja wanaijua miti yao kama wanavyowajua watoto wa mtaani, na kwa maelezo ya “mti ule wa nyuma ya kisima” nimefikishwa Mwera, Dole na Kizimbani bila kupotea. Zungumza na mwenye shamba kwa adabu, mwombe ruhusa, kisha utie alama ya rangi kwenye shina, kwa sababu msimu ukishapita mishokishoki yote inafanana. Kwa walio Bara, mashamba ya Muheza yanafaa kutembelewa, na aliye na nafasi asiache kupanda hadi Amani, ambako tangu Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 ilipandwa miti mingi ya kigeni. Lakini kule ni kwa kutazama na kuuliza, si kwa kukata matawi.

Hatua ya nne: kuchagua tawi. Naomba hapa usome taratibu, kwa kuwa hatua hii ilinigharimu miaka minne. Nilikuwa nimepata mti mama mzuri sana ambao nao ulikuwa umebebeshwa zamani, na chini kabisa ya shina palikuwa na machipukizi matatu yaliyonyooka, yenye afya na macho yaliyovimba vizuri. Matawi ya juu yalihitaji ngazi, nami siku ile sikuwa nayo. Nikakata yale ya chini. Nilibebesha miche kumi na minane, kumi na mmoja ikashika, nikajiona fundi, nikagawa sita kwa jamaa na marafiki. Ilipochanua, yote ilikuwa dume. Machipukizi yale yalitoka chini ya kiungo (pale jicho lilipoungwa), kwenye mche mbebaji wenyewe, kwa hiyo nilikuwa nimeuzidisha kwa ustadi mkubwa mti ambao hakuna aliyeuhitaji. Shemeji yangu hadi leo kila akinikaribisha kwake hunikalisha chini ya mti huo na kunisifia kivuli chake.

Kwa hiyo sharti ni hili: usikate jicho kwenye tawi lolote ambalo hukuliona, kwa macho yako, likiwa na matunda au vikonyo vya matunda ya msimu uliopita. Tafuta kwanza kovu la kiungo kwenye shina, na chochote kilichoota chini yake kisahau. Usikubali kuletewa vijiti na mtoto uliyemtuma, hata akiapa. Usichanganye vijiti vya miti miwili kwenye mfuko mmoja. Ngazi ya kuazima ni rahisi kuliko miaka minne.

Hatua ya tano: kuandaa macho. Wiki moja hadi mbili kabla ya kukata, nenda ukayaondoe majani ya tawi ulilolichagua, ukiacha vikonyo vyake. Vikonyo vitadondoka vyenyewe na macho yatavimba kidogo. Hapo ndipo ukate, asubuhi, ukifunge kijiti kwa kitambaa kibichi na kukitumia siku ile ile.

Hatua ya sita: kubebesha. Fanya kazi hii wakati miche ina maji ya kutosha na gome linabanduka bila kung'ang'ania. Kwangu wakati mzuri ni baada ya mvua za vuli kutulia, ingawa siku yenyewe isiwe ya mvua, kwani maji yakiingia kwenye kidonda jicho huoza. Kwa kisu kikali na safi, kata dirisha dogo kwenye gome la mche, kiasi cha sentimita tatu kwa urefu na moja kwa upana, kwenye kimo cha shibiri moja kutoka ardhini. Kata kipande cha ukubwa huo huo chenye jicho kutoka kwenye kijiti, ukibandue pasipo kuja na mti wa ndani, na ukipachike dirishani huku jicho likitazama juu. Usiguse upande wa ndani wa kipande kwa vidole. Funga kwa ukanda wa nailoni laini kuanzia chini kwenda juu, ili maji yateleze yasiingie. Mifuko ya barafu iliyochanwa inatosha kabisa.

Hatua ya saba: fungua baada ya wiki tatu. Likwaruze gome la kipande kidogo sana kwa ukucha: likiwa kijani limeshika, likiwa kahawia geuza mche ujaribu upande wa pili. Lililoshika liache wiki moja zaidi, kisha ukate kichwa cha mche juu ya kiungo.

Hatua ya nane: kila chipukizi litakalotoka chini ya kiungo ling'oe bila huruma. Panda mche shambani mvua za masika zikianza, mita nane hadi kumi kutoka kwa mti mwingine mkubwa, uutengenezee kivuli cha makuti kwa mwaka wa kwanza, na utandaze makumbi ya nazi kuzunguka shina bila kuligusa. Baada ya miaka mitatu au minne utegemee matunda ya kwanza.

MASWALI NA MAJIBU

Mwanachama, Dar es Salaam: Ahsante kwa somo. Mimi nina mshokishoki wa miaka tisa, unatoa maua mengi lakini hauzai. Tatizo ni nini?

Jibu: Aya ya pili.

Mwanachama, Morogoro: Nilinunua mashokishoki Zanzibar, nikakausha mbegu juani siku nne, nikazipanda 30 na hakuna iliyoota. Mbegu za siku hizi hazina nguvu?

Jibu: Nguvu zilikuwepo mpaka ulipozianika. Kokwa ya shokishoki si mahindi wala maharage. Ikikauka imekufa, na hata kivulini haifikishi muda mrefu. Ukilazimika kusafiri nayo, ioshe utelezi wote, uifukie kwenye makumbi yaliyopondwa na kunyunyiziwa maji, na uipande mara ufikapo.

Mwanachama, Pemba: Maalim, kwa heshima zote, bibi yangu alipanda mbegu na mti wake unazaa hadi leo. Haya mambo ya visu na nailoni si kuwatia watu gharama tu?

Jibu: Sikuandika kwamba mbegu haizai, niliandika kwamba karibu nusu yake ni dume. Bibi yako ama alibahatika, ama alipanda mitano na kuikata mitatu kabla hujazaliwa, jambo ambalo wazee wetu walilifanya sana kwa sababu walikuwa na nafasi. Mwenye ua wa mita kumi na tano hana nafasi hiyo. Na gharama ya kisu na mfuko wa barafu unaijua.

Mwanachama, Tanga: Nimeukagua mti wangu baada ya kusoma, na nadhani ni dume. Je, kabla sijaukata, kuna njia ya kuthibitisha kwa ua lenyewe? Na ikithibitika, haiwezekani kuubebesha mti huo mkubwa ulipo?

Jibu: Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, dada yangu. Chukua ua lililofunguka asubuhi na ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Ua dume lina nyuzi zenye chavua pembeni, na katikati yake hamna kitu cha maana. Ua la kuzaa lina kifuko kidogo katikati, kilichogawanyika kama vichwa viwili, na juu yake kijiti ambacho ncha yake imepasuka mara mbili. Tazama maua ya matawi kadhaa usije ukahukumu kwa moja.

Ikithibitika kuwa ni dume, usiung'oe, maana una mizizi ambayo mche mpya utahitaji miaka kuipata. Mvua zikikaribia, ukate kwa msumeno kiasi cha mita moja kutoka ardhini, lakini uache tawi moja la upande ili mti uendelee kula. Kisiki kitatoa machipukizi mengi. Chagua matatu au manne yaliyokaa vizuri, mengine uyaondoe, na yaliyobaki yakifika unene wa penseli uyabebeshe kama nilivyoeleza katika hatua ya sita. Lile tawi la upande usilikate baadaye, bali lipunguze tu, kwa kuwa chavua yake itayasaidia maua mapya. Mti wenye maua ya jinsia mbili mara nyingi huwa na chavua kidogo, na wenye bustani ya mti mmoja hulalamika kwamba matunda yao yanakuwa mabichi na matupu ndani. Hivi ndivyo nilivyoutibu mti mmoja kati ya ile ya aibu yangu. Wa shemeji amekataa nisiuguse.

Mwanachama, Makunduchi: Miche yangu miwili ya kubebesha inageuka manjano, ila mishipa ya majani imebaki kijani. Nimeongeza samadi na haikubadilika. Huku kwetu ni maweni.

Jibu: Umeeleza vizuri mpaka jibu limo ndani ya swali lako. Mshokishoki hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na ardhi ya maweni imejaa chokaa ya matumbawe, hivyo madini ya chuma yamo ardhini lakini mti hauwezi kuyanywa. Samadi peke yake haitatosha. Unaweza kuchimba shimo pana, ulijaze udongo mwekundu wa upande wa magharibi uliochanganywa na majani yaliyooza, na umwagilie kwa maji ya mvua uliyoyakinga, si ya kisima chenye chumvi, kwani hayo yataunguza kingo za majani. Nakwambia kwa ukweli, hata hivyo, kwamba utakuwa unabishana na jiwe maisha yako yote. Kwa ardhi yako ningepanda mkomamanga na mkwaju, na miche miwili ya mshokishoki ningempa jamaa mwenye shamba la udongo mzito kwa makubaliano ya kugawana.

Mwanachama, Mombasa: Naweza kuja kuchukua vijiti vya macho nirudi navyo kwa boti?

Jibu: Ukivuka mpaka na mmea hai unahitaji kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, taasisi ya Kenya ya afya ya mimea, kabla ya safari, na cheti cha afya ya mimea kutoka huku. Usivifiche kwenye begi, maana wadudu na maradhi ya miti husafiri kwa njia hiyo hiyo. Tafuta mti unaozaa pwani ya kwenu kwanza, fuata kapu.

Mwanachama, Nairobi: Utaota Nairobi?

Jibu: Huenda ukaota, lakini usitegemee matunda. Mshokishoki ni mti wa joto na unyevu wa nchi za chini, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Panda lokwati.

Mwanachama, Dole: Tukiwa kwenye matunda yasiyozoeleka, je, doriani nalo hubebeshwa hivi? Langu linazaa matunda mawili matatu tu kwa msimu.

Jibu: Hubebeshwa, na kokwa yake nayo haivumilii kukauka. Lakini tatizo lako nadhani si la kubebesha. Maua ya mdoriani hufunguka jioni na popo ndio hasa wanaoyahudumia usiku, na miti mingi haishiki vizuri kwa chavua yake yenyewe. Angalia kama jirani ana mdoriani wa asili tofauti na wako, na kama mtaa umewafukuza popo kwa moshi, zungumza na majirani.

Mwanachama, Bagamoyo: Niongeze jambo kuhusu stafeli, kwa wenye miti inayotoa matunda yaliyopinda. Ua la mstafeli huanza kuwa jike kisha huwa dume, kwa hiyo mimi hukusanya chavua kutoka maua yaliyofunguka kabisa, nikaipaka kwa brashi ndogo ya rangi ndani ya yale yanayoanza tu kufunguka. Matunda yamenyooka tangu nianze.

Jibu: Ahsante sana, hili sikuwahi kulijaribu na nina mstafeli mmoja unaolihitaji. Hiyo brashi unaipaka saa ngapi?

Mwanachama, Bagamoyo: Asubuhi mapema, kabla jua halijakausha utelezi wa ndani.