Mkaguzi Akikataa Gundi Yako ya Moto: Namna ya Kumjibu

Mwezi uliopita nilimsaidia mkemia mmoja kujibu barua ya Ofisi ya Hataza (patenti) ya Ulaya iliyokataa maombi yake. Gundi yake ya moto, yaani inayopakwa ikiwa imeyeyushwa, ni ya kufungia maboksi: EVA (polima ya ethilini na vinili asetati), rezini ya kunatisha, nta na kizuia oksidi kidogo. Mkaguzi alisema fundi yeyote wa fani hiyo angeifikia bila kuvumbua chochote. Tulifanya hivi.

1. Angalia tarehe. Kwa kawaida unapewa miezi 4. Maabara itakula nusu yake, kwa hiyo agiza malighafi siku hiyohiyo.

2. Tenganisha upya (haijawahi kutolewa) na uvumbuzi (fundi asingeifikia kirahisi). Waraka wa zamani alioutegemea mkaguzi ulitaja nta asilimia 5 hadi 40, mifano yake ikiwa 10 na 35. Dai letu, yaani tunachoomba kilindwe, ni 18 hadi 22: kipande chembamba, kilicho mbali na mifano. Upya ukapona, ukabaki uvumbuzi.

3. Fanya majaribio ya kulinganisha. Hapa niliwahi kupoteza wiki tatu, kwa hiyo nivumilie.

Ukipunguza nta, mnato hupanda na gundi huchelewa kuganda. Hilo kila fundi analitarajia, halikusaidii kitu. Tafuta kisichotarajiwa. Kwetu, boksi likitoka kwenye friza, gundi ya nta asilimia 20 ilishika hadi karatasi ikachanika. Ya 35 ilibanduka safi, na hata ya 10 ilibanduka. Pima pia 18 na 22, maana faida isipoonekana kwenye dai lote, mkaguzi atakubana hapohapo.

Badilisha kitu kimoja tu. Nta ikiongezeka lazima kingine kipungue, basi shikilia uwiano wa EVA kwa rezini. Mfano wa waraka wa zamani ukitofautiana na wako kwa mambo mengi, unaruhusiwa kutengeneza sampuli ya kulinganishia iliyo karibu zaidi na yako kuliko mfano huo. Na soma mifuko ya malighafi! Mimi nilikuwa na mifuko miwili, yote EVA yenye vinili asetati asilimia 28, lakini mmoja una kipimo cha utiririkaji (wepesi wa kutiririka ikiyeyuka) 400, mwingine 150. Tofauti niliyoisifia kurasa nne ilitoka kwenye polima, si kwenye nta. Mkaguzi aliiona kwa sentensi moja.

Mnato pima kwa Brookfield (mashine ya kupimia mnato) yenye chemba ya moto, uandike joto, spindo (kijiti kinachozunguka ndani ya gundi) na kasi. Vikombe vya kupimia mnato wa rangi waachie wapaka rangi.

4. Usiogope kupeleka data mpya. Uamuzi G 2/21 wa Machi 2023, wa baraza kuu la rufaa la ofisi hiyo, unasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu umekuja baada ya tarehe ya maombi. Ila faida yenyewe lazima fundi aweze kuiona ndani ya mafundisho ya maombi ya awali. Maombi yetu yalitaja maboksi ya vyakula vilivyogandishwa, tuliponea hapo.

5. Andika barua, jedwali likitangulia hoja.

6. Rekebisha madai kwa maneno yaliyomo tayari. Tulitamani kuongeza mnato unaopimwa kwenye joto la nyuzi 170. Haukuwemo kwenye maombi ya awali, tukauacha.