Kutoka Kurusha Mpira hadi Kushika Maikrofoni: Mwongozo kwa Mchezaji wa Kriketi

Mwanamke anayecheza kriketi na kutamani kuketi siku moja katika chumba cha watangazaji asisubiri mpaka goti limkatalie. Isa Guha, mrushaji wa timu ya Uingereza aliyezaliwa mwaka 1985, alistaafu mechi za kimataifa Machi 2012, na mwezi uliofuata alikuwa tayari kwenye kituo cha ITV4 katika matangazo ya Ligi Kuu ya India. Nafasi kama hiyo hutolewa kwa mtu aliyekwisha kujiandaa.

Anza kwa kujua unachouza. Guha alikuwa na sifa za kutosha: Kombe la Dunia la mwaka 2009, wiketi 101 (yaani wapigaji aliowatoa mchezoni) katika mechi za siku moja za kimataifa, na wiketi tisa alizochukua Bowral, Australia, mwaka 2008 katika mechi ya Test, ile ya siku kadhaa, iliyoibakiza Ashes, taji linalogombewa na Uingereza na Australia, mikononi mwa Uingereza. Sifa hizo humfikisha mtu mlangoni tu. Anachohitaji mtazamaji ni kuelezwa kwa nini mpira umepinda, na hapo aliyewahi kuupindisha kwa mkono wake mwenyewe hana mpinzani: ataeleza kwamba upande mmoja wa mpira umesuguliwa ukang'aa, mwingine umeachwa uchakae, na kwamba mpira, ukirushwa mshono ukiwa wima, kwa kawaida huvutwa kuelekea upande uliochakaa.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote halihitaji studio. Tafuta video ya mechi, zima sauti, weka simu irekodi, kisha tangaza ova moja, yaani mipira sita. Kabla ya kila mpira, taja badiliko moja uliloliona katika mpangilio wa walinzi, yaani wachezaji wanaotawanyika uwanjani kuudaka mpira, kwa mfano yule aliyesogezwa karibu na mpigaji. Mrushaji anapoanza kukimbia, nyamaza. Mpira ukishatulia, toa sababu kwa sentensi moja, mbili zikizidi. Ukijisikiliza utashangaa ni mara ngapi umesema "mpira mzuri sana" bila kueleza uzuri wake. Rudia ova hiyohiyo bila maneno hayo, hata kama itakuchosha.

Redio na runinga ni kazi mbili tofauti. Guha amezifanya zote, redioni katika Test Match Special ya BBC na kwenye runinga, ambako kuanzia mwaka 2020 hadi 2024 aliongoza kipindi cha BBC cha muhtasari wa mechi. Redioni wewe ndiwe jicho la msikilizaji, kwa hiyo unataja upepo, kivuli kinachoingia uwanjani na mkao wa mpigaji. Kwenye runinga, kueleza kile ambacho kila mtu anakiona ni kelele.

Kwa anayetaka kutangaza kwa Kiswahili, ipo kazi ya ziada. Mashindano ya Kwibuka ya wanawake huko Kigali hukutanisha timu za nchi zetu, lakini msikilizaji wetu wa kawaida amekulia kwenye soka. Andaa mapema maneno utakayoyatumia kwa wiketi, ova na mlinda wiketi, uyaeleze mara moja mwanzoni mwa matangazo, kisha usiyabadilishe katikati ya mechi.

Jiandae pia kukosea. Desemba 2024, mjini Brisbane, Guha alipokuwa akimsifu Jasprit Bumrah wa India alitumia neno la Kiingereza linalojumuisha nyani na binadamu, neno lenye historia chungu ya ubaguzi. Siku iliyofuata, kabla ya mchezo kuendelea, aliomba radhi mubashara: alisema alikusudia sifa kubwa kabisa, lakini alikubali kwamba alikuwa amechagua neno baya. Ravi Shastri, nahodha wa zamani wa India aliyekuwa kando yake, alimsifu hapohapo kwa ujasiri wake, na matangazo ya siku ya tatu ya mechi yakaendelea.