Mlima Unakula Yadi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupiga Grini Usiyoiona

Kedi aliyenibebea mfuko wa gofu Jumamosi moja asubuhi aliitazama aini 8 mkononi mwangu (aini ni fimbo ya chuma; namba ikipungua, mpira huenda mbali zaidi), akautazama mlima ulioificha grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, kisha akasema kwa upole, "Bosi, huku kunakula." Nikamjibu kwamba leza, kifaa changu cha kupimia umbali, imesoma yadi 140, na aini 8 yangu ni yadi 140. Hakubishana. Mpira ulipaa vizuri, ukapotelea kule juu, na kabla hatujamaliza kuusifu tukauona unarudi ukibingirika taratibu, hadi ukasimama chini ya mlima.

Kwa hiyo kabla hujachomoa fimbo, pima kupanda. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kila yadi moja ya kwenda juu, ongeza takriban yadi moja ya umbali. Mpira unaopigwa mlimani hukutana na ardhi kabla haujamaliza safari yake. Ugumu uko kwenye kukadiria mlima kwa macho, na kwa hilo mimi hutumia kipimo ambacho kila mtu wa Nairobi anacho kichwani: fleti. Ghorofa moja ni kama mita 3, yaani zaidi kidogo ya yadi 3. Jiulize, ukijenga hapo uliposimama, ghorofa ngapi zitafika usawa wa grini? Zikiwa tatu, ni yadi 10, na kwa wachezaji wengi hiyo ni tofauti ya fimbo moja nzima. Zikiwa tano, ni fimbo moja na nusu, na hiyo nusu mimi huifanya nzima bila kujiuliza mara mbili.

Hewa nayo ina neno lake, ila watu huitumia vibaya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali zaidi kwa kama asilimia 10. Mgeni kutoka Mombasa ambaye aini 7 yake kule pwani ni yadi 150 anaweza kupata 165 hapa. Mpe grini iliyo umbali wa yadi 150, na mlima wa yadi 15: alichopewa na hewa kimenyang'anywa na mlima, na aini 7 yake inabaki kuwa fimbo sahihi. Mwenyeji hana msamaha huo. Umbali anaoujua tayari una hewa ya Nairobi ndani yake, na akiihesabu tena atabaki chini ya mlima akilaumu upepo.

Kisha angalia miguu yako, kwa sababu mlima wa grini na mteremko uliosimamia ni vitu viwili. Ukiwa umesimama pahali panapopanda, uso wa fimbo hulala nyuma, aini 7 ikatoka kama aini 8: mpira unakwenda juu sana, lakini hauendi mbali. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, huvutwa pia kushoto. Hapo ongeza fimbo nyingine, lenga kulia kidogo, linganisha mabega na mteremko, upige bila pupa. Ukiwa tambarare, sahau aya hii.

Usiloliona, nenda ukalione. Kama huwacheleweshi walio nyuma, panda hadi juu utazame bendera iko mbele au nyuma ya grini, banka (mashimo ya mchanga) ziko wapi, na kama kundi lililotangulia limeondoka. Hilo la mwisho si adabu tu, mpira wa gofu huumiza. Kedi anaruhusiwa kusimama juu akuonyeshe mstari, lakini lazima aondoke kabla hujapiga. Chagua mti ulio nyuma kabisa uwe shabaha yako. Na kwenye mashindano zima sehemu ya leza inayopima mwinuko, kwa sababu kanuni haziiruhusu.

Likibaki shaka kati ya fimbo mbili, chukua ndefu. Nyasi zetu za kikuyu hung'ang'ania mpira. Ukitua kabla ya grini usitegemee utadunda na kujikokota hadi juu, hasa msimu wa mvua. Ukifika grini mambo hubadilika: mpira wa kupanda hutua kwa mlalo badala ya kudondoka wima, hivyo hutembea. Ningebadili ushauri huu pale tu ambapo nyuma ya grini kuna korongo au mpaka wa uwanja.

Wiki mbili baadaye nilirudi shimo lilelile. Leza ilisema 138. Nikahesabu ghorofa nne, nikaangalia miguu yangu, nikachomoa aini 6. Kedi yuleyule alipanda, akanyoosha mkono, akasogea pembeni. Mpira tuliukuta kwenye grini, hatua kumi na mbili nyuma ya bendera. Nilihitaji mapigo matatu kuuingiza shimoni, lakini hilo si kosa la aini 6.