Kabla ya Kujaza Risasi za Nguvu Ndogo

Risasi za nguvu ndogo, yaani zilizojazwa baruti pungufu kuliko kawaida, zina faida kwa anayepambana na wanyama waharibifu: bunduki haisukumi bega sana, mlio hupungua, na mtutu hauchakai upesi. Tatizo ni imani kwamba baruti ikipungua, hatari nayo imepungua. Si hivyo. Baruti inayoungua polepole ikiwekwa chini ya kiwango cha chini kilichochapishwa inaweza kuwaka ovyo, shinikizo likapanda ghafla na bunduki ikapasuka mikononi mwako.

Kwa hiyo anza na mwongozo wa mtengenezaji wa baruti, na leseni yako iwe inakuruhusu kujaza. Baruti ya H4895 ya Hodgdon imezoeleka kwa kazi hii kwa sababu kampuni yenyewe inaruhusu kushuka hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu ilichokichapisha kwa aina hiyo ya risasi. Kipimo cha juu kikiwa greni 40 (greni ni kizio cha uzito wa baruti), mwisho wa kushuka ni 24. Ruhusa hiyo usiipeleke kwenye baruti nyingine, hata IMR 4895 ambayo jina lake linakaribiana na la H4895.

Baruti zinazoungua haraka nazo zina mtego wao, na huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kipimo chake ni kidogo mno, ganda linabaki karibu tupu, hivyo ukimimina mara mbili hakuna kitakachofurika kukuonya. Maganda matupu yakae midomo chini. Geuza moja, lijaze, liweke kwenye kibao. Kabla ya kukaza kichwa chochote (ile sehemu ya risasi inayoruka), mulika maganda yote kwa tochi ulinganishe kina cha baruti. Mtu akikuita katikati ya kazi, ganda ulilokuwa nalo limwage, lianze upya. Mezani iwepo kopo moja tu la baruti, na mizani ihakikiwe kwa mawe yake kila unapoanza. Miwani ya kinga, bila shaka.

Siku ya majaribio, sikiliza kila mlio. Ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha hapo hapo: mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama, subiri angalau nusu dakika, toa risasi, kisha chungulia ndani ya mtutu kuanzia nyuma. Huenda kichwa kimekwama, na risasi inayofuata ndiyo inayojeruhi. Jaribu pia kuinua na kuinamisha mtutu taratibu kabla ya kufyatua, kwa kuwa baruti ikilala mbele au nyuma ya ganda kasi hubadilika.

Risasi itagonga chini ya ulipolenga, basi rekebisha vilengeo upya. Kichwa kinachokwenda polepole mara nyingi hakisambaratiki kinapogonga jiwe au ardhi ngumu. Hudunda na kwenda mbali, kwa hiyo piga tu penye kingo ya udongo nyuma ya mnyama. Kila boksi liandike aina ya baruti, kipimo, uzito wa kichwa, fataki (kiwashio cha baruti) na tarehe, na lisichanganywe na risasi za nguvu kamili.